Sufuria ya Joel

Gari la watu wa viwango lilisimama mbele ya duka la Nyangwine siku ya gulio, na kabla injini haijazimwa watu wa Nyamwaga walikwishajua kwamba limefuata sufuria. Vijana wawili wenye glavu waliingia dukani wakatoka na maboksi ya Laini, zile sufuria zenye utando mweusi ndani, ambazo chakula hakigandi. Waliyapanga nyuma ya gari polepole, kama watu wanaobeba mayai. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alipanda kwenye kizingiti cha duka ili hata waliosimama nyuma wamwone.

"Wazazi wangu, shikamooni," alisema. "Sufuria hizi zimepigwa marufuku nchi nzima. Huu weusi wa ndani una kemikali ambayo sheria imeikataza kwenye vyombo vya jikoni. Ikiingia mwilini haitoki upesi. Inakaa kwenye damu miaka na miaka. Hata ukiifukia shambani, haiozi."

"Na waliokwisha kuipikia?" mtu aliuliza.

"Ndiyo maana kuna kesi Mwanza. Kampuni iliandika kwenye boksi kwamba kemikali hiyo haimo, kumbe imo. Mahakama imeagiza mawakili wa pande zote mbili waje huku kuwasikiliza watumiaji. Na watoto watapimwa damu bila malipo. Mwenye sufuria yake asiitupe, aje nayo."

Veneranda, aliyekuwa akiuza ndizi karibu na mlango, alimgeukia jirani yake Wegesa. "Ee, Wegesa! Sisi wa sufuria za masizi tumepona. Kumbe hizo zilikuwa za wenye wapenzi!"

Watu walicheka. Wegesa naye alicheka, ili asionekane ameumia. Alikuwa amekuja kununua chumvi. Aliifunga kwenye pindo la kanga akashika njia ya nyumbani. Kitu kilichotangulia moyoni mwake hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Zawadi ya Joel ilikuwa sumu, serikali yenyewe imesema, tena mbele ya gulio zima. Alitembea na furaha hiyo mpaka kwenye migomba ya mwanzo ya shamba lake, na hapo ndipo alipomkumbuka mtoto. Kisha akaikumbuka mikono yake mwenyewe, akasimama.

*

Wegesa alikuwa mume wa Tabitha. Huko Tarime jambo hili halimshangazi mtu. Mumewe, Mzee Mseti, alipofariki alimwachia Wegesa mabinti watupu, na wote walikuwa wameolewa mbali. Nyumba ikabaki bila wa kuirithi. Basi Wegesa akafanya kama Wakurya wafanyavyo katika nyumba ntobhu: alitoa ng'ombe akamwoa Tabitha, binti wa watu wa Machochwe, ili azae kwa jina la Mseti. Desturi hiyo haikumnyima Tabitha kuwa na mwanamume. Ilimnyima mwanamume huyo kuwa baba. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, akaitwa Godwin, Wegesa alimshika akakataa kumweka chini siku nzima.

Mwanamume mwenyewe alikuwa Joel, mtu wa Kahama, fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Genkuru. Angekuwa mlevi au mwenye kiburi, Wegesa angemchukia vizuri. Lakini Joel alipofika mara ya kwanza aliinama akatoa shikamoo kwa mikono miwili, na alipoona bati limenyanyuka juu ya jiko alipanda akalipigilia bila kuombwa. Alipoondoka, Wegesa alimwona Tabitha akilitazama lile bati kwa muda mrefu. Wegesa akatamani livuje.

Kisha ikaja sufuria. Tabitha alikaanga mayai ndani yake, yakateleza kama yako kwenye barafu, na Godwin akapiga makofi. Kabla ya hapo mtoto huyo alikuwa akikaa miguuni kwa Wegesa kusubiri ukoko, ile ngozi ya ugali inayobaki kwenye sufuria, ambayo Wegesa aliibandua kwa mwiko na kuipuliza ipoe. Sufuria ya Joel haikuwa na ukoko. Mtoto akahamia upande wa mayai, na Wegesa akawa anabandua ukoko na kuutupia kuku.

Tena sufuria ile iliaibisha nyumba. Wanawake wa Nyamwaga husugua vyombo kwa mchanga na majivu mpaka mtu ajione uso, wakavianika kwenye kichanja upande wa njiani. Sufuria nyeusi kichanjani maana yake nyumba hiyo ina mwanamke mvivu. "Kwa Mseti siku hizi mnaanika kunguru?" Veneranda aliwahi kuuliza akipita.

Basi siku moja Tabitha alipokwenda Genkuru kwa Joel na mtoto mgongoni, Wegesa aliitoa ile sufuria, akaketi karibu na pipa la maji. Aliamini kabisa kwamba weusi ule ni masizi yaliyoachwa mpaka yakashika. Alichukua mchanga, akachukua majivu, akachukua gunzi la mahindi, akasugua kama mtu anayefuta jina. Masizi hayo yalikuwa magumu kuliko yote aliyowahi kukutana nayo. Yalitoka vipande vipande. Jua lilipoanza kushuka bati jeupe lilikuwa limejitokeza ndani, naye akaianika sufuria mwanzo kabisa wa kichanja.

"Mama!" Tabitha alisema aliporudi. "Umefanya nini?"

"Nimekusaidia kazi iliyokushinda."

"Ule weusi ndiyo sufuria yenyewe!"

Wegesa alicheka mpaka akashika ubavu. "Uvivu nimeuona mwingi, mama Godwin, lakini wa kusema masizi ndiyo sufuria, huo ni mpya."

Tabitha hakujibu kwa matusi. Aliishika ile sufuria mapajani, akapitisha kidole ndani, kisha akaenda kupika. Aliendelea kuitumia, maana kuitupa kungekuwa kumtupa Joel, na kulalamika kungekuwa kumshitaki Wegesa. Kwenye pembe ambako gunzi halikufika sawasawa utando uliendelea kubanduka. Uji wa Godwin ukawa na vidoadoa vyeusi, na Tabitha alivitoa kwa kijiko alipoviona. Hakuviona vyote.

*

Joel alifika siku hiyo hiyo ya gulio kabla jua halijazama. Nyusi zake zilikuwa bado nyeupe kwa vumbi la mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mmesikia habari ya sufuria?"

"Nimesikia. Nilikuwepo zawadi yako ikitangazwa."

Joel alitazama chini. "Mama, ningejua ningeinunua? Muuzaji aliniambia ndiyo nzuri kuliko zote. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Lazima apimwe."

"Mwanao," Wegesa alisema. "Huyo mwanao anaishi wapi? Au yuko Kahama?"

Godwin alikuwa amekaa juu ya kiatu cha Joel, ameukumbatia mguu. Joel aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema.

"Mama, sitaki ugomvi na wewe. Karasha inahamia Geita. Nimemwomba Tabitha twende wote, yeye na mtoto. Sikutaka uje kuyasikia sokoni."

 Wegesa aligeukia jikoni. "Naye amesema nini?"

"Sijasema kitu," Tabitha alijibu kutoka ndani, katikati ya moshi. "Msiniuze nikiwa nasikia."

Alitoka na maji ya kunywa. Alimpa Wegesa kwanza, kisha Joel, kama adabu inavyotaka. Lakini kikombe cha Joel kilikuwa kimejaa zaidi, au Wegesa aliona hivyo. Alikunywa huku akimtazama mtoto pale juu ya kiatu. Hapo angeweza kusema: sufuria niliikwangua mimi. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha akafikiri: nikisema, kesho huyu bwana ataondoka nao, na nani atamlaumu? Akayameza pamoja na maji.

*

Mawakili waliwasikiliza watu katika ofisi ya kata. Meza ilijaa sufuria, kila moja ina karatasi ya jina, na kwa ndani zote zilikuwa nyeusi isipokuwa moja. Wakili wa wanakijiji aliitwa Klementina, mwanamke mfupi aliyemwamkia kila mzee kabla ya kufungua faili lake. Wakili wa kampuni alikuwa kijana wa suti ya kijivu, mwenye adabu sana, ambaye alimwomba radhi kila mtu kabla ya kumuumiza.

"Samahani, mama," alimwambia Tabitha, akiinua ile sufuria nyeupe. "Hii yako ni tofauti na za wenzako. Nani aliisugua?"

Chumba kilikuwa kimejaa. Wegesa alikaa kwenye benchi la mbele, Joel alisimama karibu na dirisha. Tabitha aliitazama sufuria. Hakumtazama Wegesa.

"Mimi," alisema.

"Kwa kitu gani?"

"Mchanga. Majivu. Na gunzi."

"Na boksi limeandikwa isisuguliwe kwa vitu vikali."

"Boksi limeandikwa Kizungu."

Watu walinong'ona na wengine wakacheka. Kijana naye alitabasamu, akasubiri watulie. "Samahani tena. Baada ya kuisugua, uliendelea kumpikia mtoto?"

"Ndiyo."

"Ukiona vipande vyeusi kwenye uji?"

"Nilivitoa."

"Vyote?"

Tabitha alishika pindo la kanga yake, akalikunja, akalikunjua. 

"Tabitha!" Sauti ilitoka dirishani. Joel alikuwa amesogea mbele. "Wewe? Nimekuletea kitu kizuri, unakikwangua, halafu unamlisha mtoto makwangua? Na kila nikija unanipa chai unacheka?"

Wakili Klementina alimwomba akae au atoke. Alitoka. Nyuma ya benchi mwanamke mmoja alisema kwa sauti ambayo haikuwa ya chini, "Mama gani huyo." Mwingine akaguna. Tabitha alisimama wima akiangalia ukuta, kama mwanafunzi aliyeambiwa asubiri fimbo.

Wegesa aliona kila kitu alichokuwa akikitamani kimewekwa mbele yake. Joel amemkasirikia Tabitha. Hatamchukua tena. Mtoto atabaki, jina la Mseti litabaki, na yeye hakuhitaji kufanya lolote zaidi ya kukaa kimya. Wivu wake ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Veneranda, aliyekaa pembeni yake, alimgusa kwa kiwiko.

"Basi umeshinda, dada," alimnong'oneza.

*

Waliposimama kwa ajili ya chai, Wegesa alikwenda kukaa ukutani nje, mahali penye kivuli. Tabitha alimfuata na kikombe cha chai na kiazi kitamu cha kuchemsha. Alikuwa amekimenya, na sehemu ngumu za nchani amezikata, kwa kuwa magego ya Wegesa yaling'oka zamani.

"Kula, mama. Tumetoka bila kula."

"Kwa nini umesema ni wewe?"

Tabitha alichuchumaa, akamwekea chai mahali asipoweza kuimwaga. Godwin alikuwa amelala mgongoni kwake, mdomo wazi.

"Wewe ni mzee," alisema. "Wakisikia ni wewe, watasema bibi ni mchawi, ameweka sumu kwenye sufuria ya mkewe. Unawajua watu wa hapa. Neno hilo likianza haliishii kwenye maneno. Mimi wataniita mvivu, wataniita mjinga. Yatapita." Akamfuta Wegesa unga wa kiazi kwenye kidevu. "Ulikosea tu. Hukujua."

Wegesa alitafuna kile kiazi muda mrefu. Alimwangalia Tabitha akirudi ndani, watu wakimpisha kwa namna ya kutotaka kumgusa. Upande wa pili wa uwanja Joel alikuwa amekaa peke yake juu ya jiwe, kichwa mikononi. Mwanamke huyu, Wegesa alifikiri, nilimtolea ng'ombe anizalie, na sasa amenibeba na mimi mgongoni. Aliacha chai ikiwa bado inatoa moshi, akainuka.

"Nina neno," alisema mlangoni. Mawakili walikuwa wanakaa.

"Jina lako, bibi?" aliuliza kijana wa suti.

"Wegesa, wa nyumba ya Mseti."

"Wewe ni nani wa Tabitha? Mama mkwe?"

"Mume."

Kalamu ya kijana ilisimama. Wenyeji hawakucheka, maana halikuwa jambo la kuchekesha. Wakili Klementina akasema, "Endelea, bibi yangu. Kaa kwanza."

"Sikai. Huyu binti amewadanganya. Aliyesugua ni mimi. Yeye hakuwepo."

Minong'ono iliinuka kama nyuki. Klementina aliinamia mbele, na kwa sauti ya kumwonyesha njia ya kutokea akauliza, "Ulidhani ni masizi, siyo? Ulikuwa unasafisha tu."

Lilikuwa jambo la wema, na Wegesa aliliona. Njia ilikuwa pale wazi, safi kabisa. Angepita hapo akatoka salama.

"Nilidhani ni masizi, hiyo ni kweli," alisema. "Lakini sikusugua kwa ajili ya usafi. Nilisugua kwa wivu. Nilitaka watu wapite njiani waone mke wangu ni mvivu na zawadi aliyopewa haina maana."

"Wivu wa nini tena, bibi?" kijana aliuliza, na safari hii alisahau kuomba radhi.

"Wewe umeoa?"

"Ndiyo."

"Mtu mwingine akimletea mkeo zawadi, akaipenda, utaona nini?"

 Joel alikuwa amerudi dirishani, na Wegesa alijua, ingawa hakugeuka.

"Kwa hiyo unakubali," kijana alisema baada ya kukohoa, "kwamba sufuria iliharibiwa na mkono wako, si na kampuni?"

"Nakubali kuhusu mkono wangu. Ya kampuni siyajui."

Kijana aliandika maneno hayo kwa haraka, kama mtu aliyeokota kitu na kuogopa mwenyewe atarudi. Klementina alimtoa Wegesa nje akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakumficha kitu. Alimwambia kampuni itayatumia maneno hayo, na kwamba nyumba ya Mseti sasa itakuwa ngumu kutetewa kwenye kesi, ingawa nyumba nyingine zitaendelea. "Lakini kipimo cha damu ni haki ya mtoto," alisema. "Hicho hakiondolewi. Na ni afadhali nimeyasikia hapa kuliko Mwanza."

Joel alikuja akasimama mbele yao. Hakupiga kelele.

"Mama, nilikupigilia bati," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nakupenda kama mama yangu aliyenizaa."

"Najua, Joel."

Tabitha alitoka ofisini, akikaza kanga iliyomfunga mtoto. Uso wake haukuwa wa yule aliyeleta kiazi.

"Nilikufunika kwa sababu nilijua umekosea," alimwambia Wegesa. "Kumbe hukukosea. Ulikuwa unanisugua mimi."

"Tabitha, twende," Joel alisema.

Naye akaenda. Walishika njia ya Genkuru, Joel amebeba mfuko, Tabitha amembeba mtoto. Wegesa alikiangalia kichwa cha Godwin kikiyumba mpaka wakapotea nyuma ya shule.

*

Neno ambalo Tabitha aliliogopa lilianza siku iliyofuata. Kisimani wanawake walihamisha ndoo zao Wegesa alipofika. Mtoto wa jirani aliyezoea kumsalimia alivutwa mkono na mama yake. Wegesa alichota maji, akashukuru kwamba angalau njia ya kurudi ni ya mteremko.

Nyumbani alisonga ugali. Mikono yake ilizoea unga wa watu watatu, ukawa mwingi. Alibandua ukoko kwa mwiko, akaupuliza upoe, ndipo akakumbuka. Aliuacha juu ya sahani. Alijaribu kumchukia Joel, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni picha: mtoto juu ya kile kiatu, huko Genkuru, akipigiwa makofi kwa kila neno jipya analosema. Pengine ameshasema neno "bata" na yeye Wegesa hakulisikia. Wivu huo ulikuwa mbaya kuliko ule wa sufuria, maana haukuwa na kitu cha kusugua.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa Veneranda, na kichane cha ndizi kichwani. Hakusubiri kukaribishwa. Aliburuta kigoda mpaka nje kabisa, karibu na kichanja, mahali ambapo kila apitaye njiani lazima amwone, akaketi, akapanua miguu.

"Lete hicho chakula," alisema.

"Ingia ndani basi, Veneranda."

"Ndani nifanye nini? Ndani nani ataniona?" Alipokea sahani. "Nimekuja kula chakula chako hadharani. Nisipokufa, wataacha upuuzi wao. Nikifa, utazika." Alimega ugali, akatafuna mdomo wazi, huku akiwasalimu kwa majina wanawake waliokuwa wakitoka kisimani. Alimaliza ugali wote na ukoko. "Lakini ule unga wako una mchanga," alisema akiondoka. "Wewe na mchanga, jamani."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa pia.

*

Siku ya kupima damu, zahanati ilijaa tangu asubuhi. Wauguzi walikuwa wametumwa kutoka mbali, na meza yao iliwekwa barazani. Wegesa alikuja mapema akakaa nyuma ya nguzo. Alijiambia kwamba amekuja kumwona mtoto tu, aone kama amenenepa, kisha aondoke.

Walifika kwa bodaboda. Tabitha aliketi kwenye benchi la katikati, Godwin mapajani. Joel alisimama pembeni, ameshika kofia ndogo ya sufu, na kila mara alikuwa akiikunjua na kuipuliza vumbi. Ilikuwa mpya. Wegesa aliona wivu hata wa kofia ile.

"Godwin Joel!" muuguzi aliita.

"Yupo," Joel alijibu, akasogea.

Tabitha hakuinuka.

"Godwin Joel!"

"Huyo hayupo hapa," Tabitha alisema.

Muuguzi aliangalia juu ya miwani. "Na huyo uliyempakata?"

"Godwin Mseti."

Joel aliinama karibu yake. "Tabitha, ni jina tu," alisema polepole. "La kuandikia chupa."

"Kama ni jina tu, mbona umelibadilisha?"

 Muuguzi alikuwa amekwisha kukata lile la kwanza. "Haya. Mseti ndiye baba? Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Pole sana, dada. Lini?"

"Kabla sijafika kwake."

Kalamu ilisimama. Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama Tabitha, akaanza kuhesabu kwa macho, na barazani watu wakaangua kicheko. Hata Joel alijikuta anatabasamu kidogo, kwa uchungu. "Sista, wewe andika tu," Veneranda alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Hiyo ni nyumba ntobhu. Utaeleweshwa ukinywa chai."

"Sawa," alisema muuguzi aliyeshindwa. "Lakini lazima kuwe na mtu wa nyumba hiyo wa kumshika mtoto na kukubali. Nani?"

"Yule aliyejificha nyuma ya nguzo," Tabitha alisema. Hakuwa amegeuza kichwa tangu afike.

Wegesa alitoka pale alipokuwa, kanga imemshuka bega moja. Alitembea katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Alipofika Tabitha alimpa mtoto, na Godwin akamshika sikio, kama zamani, akalivuta. Alikuwa ameongezeka uzito. Mtu fulani kule Genkuru alikuwa amemlisha vizuri, na Wegesa alilikubali hilo kwa shida.

Sindano ilipoingia mtoto alipiga kelele. Damu ilijaza kichupa, nyeusi kidogo, na hakuna aliyejua kilichomo ndani yake. Muuguzi alisema majibu yatatoka Mwanza, hakusema lini. Wegesa aliendelea kuushika ule mkono mdogo hata baada ya kuambiwa auachie.

"Sijakusamehe," Tabitha alisema, akimfungia mtoto pamba.

"Najua."

"Na leo sirudi. Nina mambo ya kuzungumza na Joel kuhusu hilo jina. Asipoyakubali, Geita ataenda peke yake."

"Sawa, mama Godwin."

Tabitha alimchukua mtoto. Joel alimvalisha kofia, akamwamkia Wegesa bila kumtazama machoni, na Wegesa akaitikia. Walikuwa wamefika kwenye bodaboda Tabitha alipogeuka.

"Jumapili," alisema.

Wegesa alitaka kuuliza ni Jumapili ya kuja kusalimia au ya kuja kukaa. Akaitikia kwa kichwa.